Machozi Yaliyopigiwa Kura

Sehemu ya sita

Kwa asiyekuwapo wiki jana nitafupisha, maana aibu yangu hata nikiirefusha haipungui.

Miaka miwili iliyopita dada yangu alinipa bahasha. Ndani yake mlikuwa na fomu ya kuomba chuo cha uuguzi. Ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea fomu, na yeye alikuwa zamu kwenye kampuni ya dobi anakofanya kazi ya kupiga pasi. Akaniambia, mdogo wangu, ifikishe kwa mkono wako, nisilale na wasiwasi.

Asubuhi ileile bendi ya Kutu ilikuwa inazindua albamu yake ya pili. Nikajiambia nitasimama kwenye foleni dakika kumi tu. Nilipofika chuoni, dirisha la kupokelea fomu lilikuwa limefungwa.

Nikamwambia dada nimeifikisha. Bahasha nikaichana vipandevipande, nikaitupa mtaroni.

Majina yalipotoka nikampigia simu kazini, nikamwambia lake halimo. Sikujua kwamba saa hiyo Kutu wenyewe walikuwa humo dobini wanapiga video, na kamera ilikuwa imemwelekea yeye.

Hiyo ndiyo video ya "Mvuke" inayotazamwa na kila mtu. Yule mwanamke anayesikiliza simu, akaitia mfukoni mwa aproni, akarudi kupiga pasi huku machozi yanadondokea shuka, ni dada yangu wa tumbo moja. Nywele zimefungwa ndani ya kofia ya kazi na nusu ya uso imemezwa na mvuke, kwa hiyo hajulikani. Na mimi ni katibu wa chama cha mashabiki wa Kutu, na sijawahi kumwambia mwanachama yeyote.

Kuna msomaji ameniandikia kwamba mtu kama mimi anastahili bakora. Nimemwomba asubiri kidogo, bado hajasikia.

Wiki jana niliishia pale bendi ilipotuletea ujumbe. Wanatimiza miaka kumi. Wametuachia sisi mashabiki tuwachagulie wimbo wa kufungulia onyesho, nao utapigwa huku video yake ikionyeshwa kwenye pazia kubwa.

Basi Jumamosi mchana tukakutana kwenye karakana yangu. Mimi ni fundi spika. Chama kinakutania kwangu kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo watu kumi na mmoja wanaweza kukaa juu ya maboksi ya spika na kusikiliza muziki kwa sauti inayostahili.

Nimesema kumi na mmoja, lakini wasemaji ni wawili. Wengine ni waitikiaji.

Wa kwanza ni Kinyozi. Saluni yake iko mkabala na karakana yangu, na hata akiwa mkutanoni kitana hakitoki mfuko wa shati. Yeye anaongoza kambi ya Macho. Wa pili ni Mwalimu, mwanamke anayefundisha hesabu sekondari, na anaongoza kambi ya Masikio. Hiyo ilikuwa Jumamosi ya tatu mfululizo wanabishana jambo lilelile, nami naandika kumbukumbu zilezile, tarehe tu ndiyo inabadilika.

Mwalimu alitaka "Ngazi ya Chuma." Akasema huo ndio wimbo pekee wa Kutu unaokunyima ngoma. Gitaa linatembea peke yake ubeti mzima, unasikia hadi kidole kinavyoteleza kwenye uzi, nawe unaingoja ngoma, unaingoja, unakaribia kukata tamaa, ndipo inaingia. Akasema mtu aliyetunga vile anajua maana ya kusubiri.

Kinyozi hakubisha kuhusu wimbo. Alibisha kuhusu video. Akatukumbusha: wanaume wanne juu ya ngazi za nje za ghorofa, wamevaa makoti ya ngozi, jua la saa sita. Mwimbaji anaimba habari za upweke huku jasho linamtiririka kama aliyekimbizwa na nyuki. Kwenye kipandio cha tatu anateleza, na hawakukata, wameiacha hivyohivyo.

"Hiyo ndiyo unataka watu elfu mbili waione kwenye pazia kubwa?" akauliza.

Mwalimu akasema anayeona vibaya afumbe macho. Kinyozi akasema Mungu hakumpa macho ayafumbe. Waitikiaji wakaitikia, nusu huku, nusu kule.

Kisha ikaja zamu ya "Mvuke." Mwalimu akasema kiitikio kinarudiwa mara nane, amehesabu. Akasema maneno yake ni ya kubembelezea watoto. Mtoe yule mwanamke wa pasi, akasema, uone kinachobaki.

"Kwa nini nimtoe?" Kinyozi akajibu. "Wewe chakula chako unatoa chumvi kwanza ndipo unakisema?"

Nilikuwa nimeinamia spika ya mteja, nimeshika chuma cha kulehemu, najifanya nina kazi. Kila walipomtaja yule mwanamke nilihisi kama wanamtaja mtu aliyeko chumba cha pili na mlango uko wazi. Nilitaka wamalize. Nilitaka wachague chochote, hata wimbo wa bendi nyingine, waende makwao.

Badala yake Mwalimu akaleta jaribio. Akataka tugeuze skrini ukutani tusikilize "Mvuke" bila picha, tuone kama umesimama wenyewe. Kinyozi akakubali kwa sharti kwamba baadaye tutazame picha bila sauti. Na nani wa kuunganisha na kuchomoa nyaya? Katibu.

Tulisikiliza bila picha. Ukweli ni kwamba ulikuwa wimbo wa kawaida. Waitikiaji wawili walianza kuongea kabla haujaisha. Mwalimu akatabasamu.

Nikageuza skrini, nikachomoa waya wa sauti.

Nimeiona video hiyo mara nyingi, lakini kila mara nilikuwa na sauti ya kujifichia. Safari hii karakana ilikuwa kimya. Dada anavuta shuka, analinyoosha. Simu inatetemeka mfukoni, anaitoa, anaiweka sikioni. Midomo inasogea kidogo, maneno machache tu. Anatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesema nimeelewa, hapana shida. Anairudisha simu mfukoni. Anashika pasi.

Mimi ndiye niliyekuwa upande wa pili wa simu hiyo. Nakumbuka alivyonijibu: "Haya, mdogo wangu. Asante kwa kuniangalizia."

Hakuna aliyecheka. Ilipoisha, Mwalimu akaomba nirudishe nyuma. Akasogea karibu na skrini.

"Anapiga pasi palepale mara tatu," akasema. "Shuka limeshanyooka. Huyu haigizi."

Kinyozi akapiga goti lake kwa furaha. Lakini Mwalimu hakuwa anamjibu yeye. Akasema kuna mtu amempa habari mwanamke huyu, na watu wa kamera wakaiba.

Hapo ndipo mkutano ulipopotea njia. Kila mtu akataka kujua ni habari gani. Mmoja akasema amefiwa. Mwingine akasema ni mume, kaachwa, wanaume siku hizi wanaacha kwa simu. Wakaanza kupandishiana. Mwishowe Kinyozi, ambaye hawezi kuona ubishi bila kutaka mshindi, akasema tupige kura, na katibu aandike.

Mnasikia vizuri. Walipigia kura machozi ya dada yangu, mimi nikiwa nimeshika kalamu.

Msiba ukapata kura tano. Mapenzi yakapata tano. Wakanigeukia.

Sijui ni nini kilinisukuma. Nadhani nilichoka kukaa kimya. Nikasema, "Labda amekosa nafasi ya chuo."

Wakaangua kicheko. Hata waitikiaji ambao huwa hawafumbui mdomo. Kinyozi alifuta machozi kwa mkono wa shati. Mwalimu hakucheka sana, ila alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyejumlisha badala ya kutoa.

"Katibu, mtu halii hivyo kwa sababu ya chuo. Chuo unaomba tena mwakani."

"Wewe unajuaje?" nikamwuliza. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Unajuaje kama alikuwa na mwakani?"

  Kisha Kinyozi akasema haya, demokrasia ni demokrasia, andika. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: msiba tano, mapenzi tano, chuo moja.

Kura ya wimbo haikuchukua muda baada ya hapo. "Mvuke" ilishinda kura sita kwa tano, na kura ya sita ilikuwa ya Mwalimu. Alisema wimbo bado anaukataa, ila amemkubali mwanamke. Kinyozi alishangilia kana kwamba ameupiga yeye wimbo huo. Na alipomaliza kushangilia akatuambia alichokuwa amekificha. Amepata jina la dobi ile kutoka kwa mteja wake anayeendesha gari la kukusanyia shuka za hoteli. Mwanamke yule bado anafanya kazi palepale. Jumatatu mchana Kinyozi ataenda kumwalika aje kwenye onyesho, apandishwe jukwaani, mashabiki wamshukuru.

Jumatatu asubuhi nikamtangulia.

Nilikuwa nimekwisha amua. Nimwambie dada kila kitu kabla mtu mwingine hajafika na maua. Njiani nilijisomea maneno, yalikuwa matatu tu: dada, sikuifikisha fomu. Nani atashindwa kusema maneno machache hivyo?

Mnaodhani ni rahisi hamjaingia chumba cha pasi. Mashine za kukaushia zinanguruma mstari mzima, mvuke unakuvamia usoni, na ukitaka kusema na mtu lazima umsogelee sikio. Dada alikuwa kwenye meza yake ya mwisho karibu na dirisha, analisha shuka kwenye mashine ya kubana. Aliponiona alishtuka, akafikiri mama anaumwa. Nikamtikisia kichwa.

Nikaanza na jambo jepesi. Nikampigia kelele sikioni kwamba kuna watu watakuja kumwalika kwenye onyesho la Kutu kwa sababu ya ile video.

Akainua bega. Akasema siku ile hakuna aliyemwuliza kama anataka kupigwa picha. Yule bwana wa kamera alimwambia tu, hivyohivyo dada, usisimame. Wimbo wenyewe hajawahi kuusikiliza mpaka mwisho. Alisema hivyo bila hasira, huku mikono yake ikiendelea na shuka.

Nikavuta pumzi. "Dada, ile fomu."

Mikono ikasimama. "Nani amekuambia?"

 Akazima mashine yake, akanivuta nje kwenye ukumbi wa kupokelea mizigo ambako kelele ilikuwa nafuu. Uso ulikuwa unang'aa, na haukuwa mvuke. Sikuwa nimemwona hivyo kwa miaka miwili.

Akanieleza kwa haraka, kama mtu aliyebeba siri kwa mwezi mzima. Alikuwa ameenda chuoni kuulizia tena. Wakamwambia nafasi za mwaka huu zimejaa, na mwakani umri utakuwa umemtupa mkono, maana hawapokei aliyepita thelathini. Akawaomba basi wamwambie angalau ile mara ya kwanza alikosea wapi. Wakatafuta. Wakatafuta tena. Jina lake halikuwa kwenye waliokubaliwa, wala kwenye waliokataliwa.

"Hawakunikataa," akasema. "Unaelewa? Miaka miwili najiona mjinga, nasema sina kichwa, kumbe fomu yangu hawakuisoma kabisa. Waliipoteza."

Nikasema dada. Akanikatiza. Akasema ameandika malalamiko, na wamempata karani aliyekuwa dirishani siku ile. Alhamisi wataitwa wote mbele ya mkuu wa masomo. Alikuwa anataka kuja nyumbani jioni kunieleza, maana shahidi ni mimi.

"Nilijilaumu sana kwa nini sikuipeleka mwenyewe," akasema. "Sasa naona Mungu alijua. Ningekwenda mwenyewe ningekosa shahidi."

"Dada, mimi siku ile..."

Kengele ya zamu ikalia. Msimamizi wake akatoa kichwa mlangoni, akauliza kama shuka zinajipiga pasi zenyewe. Dada akanipapasa shavu kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa nasoma darasa la pili, akaingia ndani. Nikabaki na toroli za mashuka machafu.

Jioni Kinyozi alinipigia simu. Alimkuta dada, na dada alimwambia ana shughuli Alhamisi, atamjibu baada ya hapo. Kinyozi alikuwa amefurahi mno. Akasema ni mwanamke mstaarabu, na jinsi anavyoongea, sijui kwa nini, kamkumbusha mtu anayemfahamu.

Jumatano nilijaribu kwa mama. Nilimkuta anatoa shati langu kabatini kwa ajili ya kesho. Nikamwambia mama, kuna jambo nataka kukuambia kuhusu hiyo kesho. Akasema hakuna la kuniambia, wewe nenda ukaseme kweli tupu, mwanangu, kweli haina mizunguko. Halafu akaniuliza nataka lenye mistari au jeupe. Kila nilipofungua mdomo alinipa vifungo nishonee.

Alhamisi saa tatu tulikuwa chuoni. Dada akaitwa ofisi ya pili kujaza karatasi, mimi nikaambiwa nisubiri kwenye benchi la koridoni.

Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja. Mzee si sana, miaka hamsini na kitu, miwani imening'inizwa shingoni kwa uzi. Alikuwa na wasiwasi, niliuona, kwa sababu alikuwa anapiga goti lake kwa vidole. Baada ya muda nikagundua kwamba hapigi ovyo. Alipiga kidogokidogo, akaacha, akangoja, akangoja zaidi, halafu akaingia kwa kiganja kizima.

"Ngazi ya Chuma," nikasema.

Akanigeukia kana kwamba nimemwita kwa jina la utotoni. "Unawajua Kutu?"

Ndugu zangu, nilisahau nimeenda kufanya nini. Tuliongea robo saa nzima. Alikuwa na kanda zao za mwanzo kabisa, za kabla hawajapata mpiga gitaa la besi. Alisema binti zake wanamcheka, mzee mzima na muziki wa magitaa ya kupiga kelele. Nikamweleza ugomvi wetu wa Macho na Masikio. Akasema yeye ni Masikio damu. Akasema Kutu waliharibikiwa siku waliyoanza kufikiria kamera. Tangu hapo nyimbo zinatungwa zikiwa zimeshavaa nguo.

Nikamwuliza, na "Mvuke"?

Akatikisa kichwa. "Ile siitazami. Wanangu wakiiweka naondoka. Yule mwanamke akianza kulia naona haya, kama nimechungulia dirishani kwa mtu. Alitakiwa apate mtu wa kumshika bega, si mtu wa kumpiga picha."

Katika Jumamosi zote tatu, na kumbukumbu zote nilizoandika, hakuna aliyewahi kusema neno hilo. Nikatamani angekuwa mwanachama wetu. Nilikuwa nimeanza kumwambia tunakutana wapi, ndipo mlango ulipofunguliwa na katibu muhtasi akasema karani na shahidi waingie.

Tukasimama wote wawili. Kila mmoja akafikiri mwenzake amesimama kwa adabu.

Ndani, mkuu wa masomo alikuwa mama mmoja wa maneno machache. Alituweka upande mmoja wa meza, mimi katikati, dada kulia kwangu, karani kushoto. Karani hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka.

Mkuu akasema daftari la siku ile halina jina la dada. Akamwuliza karani anasemaje. Karani akavaa miwani. Akasema amekaa dirisha lile miaka kumi na tisa na kila fomu huiandika. Kama haimo daftarini, basi yeye hakuipokea. Alisema hivyo kwa sauti imara, nami nikashukuru moyoni. Nikafikiri yameisha, kweli imejisema yenyewe bila mimi.

Kumbe hakuwa amemaliza.

"Lakini siku ile," akasema, "mke wangu alikuwa amelazwa. Nilikuwa naandika kwa mkono huu, nimeshika simu kwa mkono huu. Siwezi kuapa." Akanigeukia. "Ulinipa mkononi, kijana, au uliiweka juu ya kizingiti cha dirisha?"

Hakuwa ananitega. Alikuwa anauliza kwa sababu alitaka kujua.

Ningesema hapohapo. Nilijua ningesema. Nilipofungua mdomo, kilichotoka ni, "Sikumbuki vizuri."

"Basi uliiweka kizingitini," akasema taratibu, akijijibu. "Ikaangukia nyuma ya kabati. Imewahi kutokea mara moja." Akavua miwani, akamwinamia dada mbele yangu. "Nisamehe, mwanangu. Nimekupotezea miaka miwili."

Dada akaanza kulia. Karani akatoa leso, akaisukuma juu ya meza kwa kidole, akageuza uso akatazama ukutani mpaka dada alipomaliza.

Nilikaa katikati yao. Mlioniandikia kuhusu bakora, hapo ndipo mngeniletea.

Mkuu wa masomo akaandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma. Chuo kinakubali kwamba fomu ilipokelewa na ikapotea mikononi mwa mtumishi wake. Kwa kuwa kosa si la mwombaji, na sifa za kuingia anazo, kanuni inaruhusu arudishiwe nafasi aliyoikosa, umri usiangaliwe. Ataanza masomo Jumatatu hii. Karani anasimamishwa kazi kuanzia leo, mwaka mmoja kabla ya kustaafu kwake.

Dada akaninong'oneza, "Umesikia? Jumatatu." Akanishika mkono chini ya meza, akaubana kama anataka kuuvunja.

Nikauliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, ingekuwaje kama fomu haikufika kabisa. Mkuu akasema kama haikufika, hapana kosa la chuo, na pasipo kosa la chuo hana mamlaka ya kuvuka umri. Akanitazama juu ya karatasi. Akaniuliza kwa nini nauliza.

Nikasema basi tu.

Akaisukuma karatasi. Dada akatia sahihi. Karani akatia sahihi. Ikabaki nafasi ya shahidi, na juu yake yameandikwa maneno ambayo mkuu aliyasoma kwa sauti ili niyasikie: kwamba mimi, bila kushurutishwa, nathibitisha kumkabidhi karani huyu fomu hiyo.

Nikisema la, dada anarudi kwenye pasi na hatatoka tena. Nikitia sahihi, mzee huyu anakwenda kuwaambia binti zake nini?

Sikusogea. Mkuu akaniuliza kama kuna neno nisilolielewa. Dada akageuka kunitazama, bado anatabasamu, ila tabasamu limeanza kuuliza.

Karani ndiye aliyesema. Alinisogelea, akazungumza polepole, kama tulivyokuwa tukizungumza koridoni.

"Weka tu, kijana. Usinionee huruma mimi. Tusimcheleweshe dada yako."

Kalamu ilikuwa ya ofisi, imefungwa mezani kwa uzi ili isiibwe. Uzi ulikuwa mfupi. Mtu akitaka kuandika lazima ainame.

Nikainama.